Somo la Kemia: Rangi Zinazogandishwa kwa Nuru, na Kinachobaki Taa Ikizimwa

Kwa mvuvi wa pwani ya Rumonge, nuru ni chombo cha kazi kama wavu. Usiku usio na mbalamwezi huwasha taa juu ya maji, ndagala wakakusanyika chini yake, naye akawachota. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za LED zenye betri. Lakini iko kazi nyingine ya nuru ambayo watu wengi hawaifikirii, nayo ni kugandisha. Ziko rangi, wino, gundi na dawa za kuziba meno ambazo hukaa zikiwa majimaji au laini mpaka zimulikwe. Na zikimulikwa kwa taa ifaayo, huwa ngumu kwa muda wa sekunde chache tu. Msichana apakwaye jeli ya kucha katika saluni ya Rumonge, mgonjwa azibwaye jino Bujumbura, na mtu anunuaye chakula katika pakiti yenye picha za rangi, wote huenda wamekutana na kazi hiyo pasipo kujua.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: jinsi nuru inavyogandisha, kwa nini baadhi ya dawa zitumikazo zimeleta wasiwasi, na njia zinazofuatwa kupata dawa zilizo salama zaidi. Wanafunzi wataona kemia ya darasani ikifanya kazi mjini. Nanyi wanafunzi wa zamani, hasa mlio na saluni, maduka au zahanati, mtapata la kutumia kesho asubuhi. Neno moja tulishike tangu mwanzo: dawa ya namna hii haipimwi kwa wepesi wake wa kugandisha tu, hupimwa pia kwa kile kinachobaki taa ikizimwa.

1. Nuru hufanya kazi pale inapomezwa

Tuanze na kitu tulicho nacho nyumbani, yaani mawese. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, ukipake mawese kwa wembamba mpaka kiwe na rangi ya machungwa. Funika nusu yake kwa karatasi ya bati au kifuniko kisichopitisha nuru, kisha ukianike juani kwa siku kadhaa. Ukifunua, utaona kuwa nusu iliyopata jua imepauka, na nusu iliyofunikwa imehifadhi zaidi rangi yake. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili utaonekana waziwazi.

Sababu yake ni hii. Rangi ya mawese yatokana na karotini. Karotini humeza nuru ya buluu, na kwa kuwapo oksijeni ya hewani huvunjikavunjika na rangi yake hupotea. Mahali palipofunikwa hapakuwa na nuru ya kumezwa, basi badiliko likawa dogo. Katika karne ya 19 wataalamu wawili, Grotthuss na Draper, kila mmoja kwa wakati wake, walieleza kanuni ambayo mpaka leo ina majina yao: nuru haibadili kitu isipokuwa imemezwa na kitu hicho. Nuru inayopita tu kama katika kioo safi, au inayorudishwa kama katika kioo cha kujitazamia, haifanyi kazi yoyote ya kemia.

Katika jaribio letu nuru imevunja. Je, yaweza kuunganisha? Ndiyo. Mfaransa Nicéphore Niépce, mnamo 1826 au 1827, alipaka lami nyembamba juu ya bamba la madini, akaliweka ndani ya kamera mbele ya dirisha. Penye nuru nyingi lami iliganda. Penye giza ilibaki laini, naye akaiosha ikatoka. Bamba hilo lipo hata leo, nalo ndilo picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizosalia. Ila lami ilikuwa nzito wa kutii: picha hiyo ilihitaji saa nyingi za jua. Fundi wa leo ataka sekunde, wala si saa. Ndiyo maana pakatafutwa dawa maalumu ya kuianza kazi.

2. Kianzishi cha nuru

Dawa hiyo twaweza kuiita kianzishi cha nuru. Ili kuelewa kazi yake, tazama kwanza kitu kinachogandishwa. Jeli, wino au vanishi ya namna hii imejaa molekuli ndogo ziitwazo monoma, nyingi zikiwa za jamii ya akrilati. Kila monoma ina kiungo maradufu, nayo yafanana na mtu aliyesimama amekunja mikono yake kifuani. Watu elfu wakisimama hivyo uwanjani, kila mmoja huweza kwenda huku na huku. Ndiyo hali ya majimaji.

Sasa aingie mtu mmoja mwenye mkono mtupu asiyeweza kutulia mpaka ashike kitu. Katika kemia mtu huyu huitwa radikali huru. Humshika jirani, jirani akakunjua mikono. Mkono mmoja umeshikwa, wa pili ni mtupu, naye amshika wa tatu, na wa tatu wa nne. Kwa muda mfupi mno mnyororo mrefu hufanyika. Baadhi ya monoma zina viungo maradufu viwili au vitatu, basi hizo hufunga mnyororo mmoja na mwingine, pakawa wavu. Hapo hakuna awezaye kuondoka, na majimaji yamekuwa kitu kigumu. Kitu hicho huitwa polima.

Kazi ya kianzishi ni kumeza nuru na kumtoa yule mtu wa kwanza mwenye mkono mtupu. Viko vianzishi vya aina mbili. Aina ya kwanza, kikimeza nuru, hupasuka vipande viwili, na kila kipande ni radikali. Katika aina hii yumo TPO, dawa yenye fosforasi ambayo imetumika sana katika jeli za kucha na katika wino. Aina ya pili hakipasuki. Kikimeza nuru hupata nguvu ya kupokonya hidrojeni kutoka kwa msaidizi, mara nyingi amini, na msaidizi huyo ndiye anayekuwa radikali. Katika aina hii zimo benzofenoni, ITX na kamforikwinoni.

Hii kamforikwinoni ni jamaa wa kafuri, ile dawa nyeupe yenye harufu kali ambayo Waislamu wa pwani yetu huitumia katika kumwosha maiti. Ni unga wa rangi ya manjano, nayo humeza vizuri nuru ya buluu ya nanomita 468 hivi. Tangu miaka ya 1970 imekuwa kianzishi kikuu cha dawa za kuziba meno. Na kwa kuwa yatumia nuru ya buluu inayoonekana, madaktari wa meno waliweza kuziacha taa za mionzi ya urujuanimno walizokuwa wakitumia kabla yake.

3. Si vyote vinavyoshikwa na wavu

Kama kila kianzishi kingefanya kazi yake na kila monoma ikashikwa, somo letu lingeishia hapa. Lakini haiwi hivyo. Kadiri kitu kinavyokuwa kigumu, ndivyo molekuli zinavyoshindwa kutembea na kukutana. Tena oksijeni ya hewani hukamata radikali kabla hazijashika monoma. Ndiyo sababu jeli nyingi hubaki na utando wa kunata juu yake hata baada ya taa. Na nuru yenyewe hupungua kadiri inavyozama, kama vile mchana unavyopungua kwa mzamiaji aendaye chini ziwani. Kwa hiyo daktari wa meno huziba shimo kwa tabaka za kama milimita 2, akimulika kila moja, badala ya kulijaza shimo lote mara moja.

Basi taa ikizimwa hubaki vitu vitatu ndani ya polima: vianzishi visivyotumika, vipande vya vianzishi vilivyopasuka, na monoma zisizoshikwa. Hivi ni vidogo, na kitu kidogo huweza kupenya katika matundu ya wavu na kuhama polepole mpaka kwenye chakula, mate au ngozi. Mvuvi alijua jambo hili kabla ya mkemia: samaki mkubwa hukwama, mdogo hupita.

Jambo hili lilijulikana dunia nzima mwaka 2005. Huko Italia, ITX ilionekana katika maziwa ya watoto wachanga ya kampuni ya Nestlé, na mwezi wa Novemba mwaka huo serikali ikaamuru kukamatwa kwa lita zipatazo milioni 30. Hakuna aliyetia dawa katika maziwa. ITX ilikuwa katika wino uliochapwa upande wa nje wa pakiti. Karatasi iliyochapwa huviringishwa kama mkeka, upande wa nje wa zingo moja ukagusana na upande wa ndani wa zingo jingine. Hapo dawa ikahamia upande utakaogusa chakula. Wataalamu wa Ulaya wa usalama wa chakula walichunguza, wakasema kuwa kuwapo kwa ITX hakufai, ingawa kwa kiasi kilichoonekana hakukuleta hofu kwa afya. Mwaka 2009 jambo la namna hiyo likatokea tena: jamaa wa benzofenoni alipatikana katika nafaka za kifungua kinywa, akiwa ametoka katika wino wa maboksi.

4. TPO na marufuku ya 2025

Sasa tuje kwenye kucha. Kwa miaka mingi TPO ilipendwa kwa kuwa hugandisha upesi, hufika ndani sana, na haiachi rangi ya manjano. Lakini majaribio ya wanyama waliolishwa dawa hii yalionyesha kuwa yaweza kudhuru uwezo wa kuzaa. Kwa hiyo Umoja wa Ulaya uliiweka katika daraja la vitu vinavyodhaniwa kwa nguvu kudhuru uzazi wa binadamu, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 imekatazwa katika vipodozi vyote huko, jeli za kucha zikiwamo. Kwa Marekani, mpaka tarehe hiyo haikuwapo marufuku ya nchi nzima ya namna hiyo.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, tusikimbie wala tusidharau. Mamba ni mnyama wa hatari. Hilo ni jambo la mamba mwenyewe. Lakini mtu aliye mlimani Bururi hawezi kuumwa naye, na mtu aogaye katika matete ya mto jioni yumo katika hatari kubwa. Kitu cha hatari ni kimoja, na uwezekano wa kudhurika nacho ni jambo jingine. Mwaka 2014 kamati ya wataalamu ya Ulaya ilikuwa imekubali TPO kwa kiasi kisichozidi asilimia 5 katika kazi za kucha za mafundi, maana kiasi kinachoingia mwilini kwa njia hiyo ni kidogo. Marufuku ilikuja baadaye kwa kuwa sheria yao ya vipodozi hukataza vitu vya daraja lile, isipokuwa viombewe na kupewa ruhusa ya pekee. Basi mwanamke aliyepakwa kucha mara mbili mwaka jana hana sababu ya kukosa usingizi. Anayestahili kufikiriwa zaidi ni fundi, ambaye hushika jeli hiyo kila siku, mteja baada ya mteja, pengine naye ni mjamzito.

Tena tukumbuke kuwa sheria ya Ulaya haivuki bahari, lakini chupa huvuka. Kisichouzwa tena kule huweza kuuzwa kwa bei ndogo mahali pengine. Kwa hiyo fundi wa Rumonge hana budi kusoma chupa mwenyewe. Jina la TPO huandikwa hivi katika orodha ya dawa za vipodozi: Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide.

5. Njia nne za kupata usalama

Njia ya kwanza ni kukikuza kianzishi. Badala ya molekuli ndogo, vianzishi vingi hufungwa pamoja katika mnyororo mmoja mrefu. Kikubwa hakipenyi katika wavu, basi hakihami. Wino wa pakiti za chakula umefaidika sana na njia hii.

Njia ya pili ni kukipa kianzishi chenyewe mkono wa akrilati. Kikisha kufanya kazi, au hata kisipofanya, nacho hushikwa katika wavu kama monoma nyingine. Mlinzi aliyefunga mlango amejifungia humo humo.

Njia ya tatu ni kutafuta kianzishi kipole zaidi. Badala ya TPO watengenezaji wengi wametumia ndugu yake aitwaye TPO-L, ambaye katika chupa huandikwa Ethyl Trimethylbenzoyl Phenylphosphinate. Yeye hakuwekwa katika daraja lile la kudhuru uzazi, lakini yaweza kuamsha mzio wa ngozi. Wengine wanachunguza vitu vya asili, kama rangi ya manjano itokayo katika bizari, na riboflavini, yaani vitamini B2, iliyomo katika maziwa, maini na samaki. Riboflavini imekwisha kupata kazi ya heshima katika macho. Mwaka 2003 madaktari wa Dresden, Ujerumani, walitoa habari za wagonjwa ambao kioo cha mbele cha jicho lao kilikuwa kikidhoofika na kuchongoka. Walitiwa matone ya riboflavini, kisha jicho likamulikwa mionzi ya urujuanimno kwa dakika 30. Nyuzi za kioo hicho zikaungana na kukaza. Matibabu hayo sasa hutumika katika nchi nyingi.

Hata hivyo tusidhani kuwa kitu cha asili hakina makali. Ni riboflavini hiyo hiyo ambayo, maziwa yakiachwa juani katika chupa nyeupe, huyaharibu ladha. Kianzishi chochote, cha shambani au cha kiwandani, ni kitu cha kuamsha badiliko. La sivyo hakifai kazi.

Njia ya nne ni kuuliza kama nuru yahitajika kweli. Mfano bora wa njia hii ulianzia kwa jirani zetu. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, katika mpango wa afya ya meno wa shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianzishwa njia ya kutibu meno mahali pasipo umeme. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono tu, kisha shimo huzibwa kwa dawa inayojigandia yenyewe. Dawa iliyokuja kutumika zaidi ni saruji ya unga wa kioo na asidi. Vikichanganywa huungana bila taa na bila kianzishi cha nuru. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliipigia mbiu njia hiyo, ijulikanayo kwa herufi ART. Ina mipaka yake, maana katika mashimo makubwa yenye pande nyingi haidumu sana; lakini kwa tundu dogo la jino la mtoto wa shule kijijini, yafaa sana.

6. Kianzishi salama, taa isiyofaa

Liko kosa moja ambalo mtu mwenye nia njema huweza kulifanya. Hununua jeli isiyo na TPO, akaimulika kwa taa yake ya zamani, akadhani amejilinda. Kumbuka kanuni ya Grotthuss na Draper: nuru isiyomezwa haifanyi kazi. Kila kianzishi kina rangi yake ya nuru. Taa nyingi za kucha hutoa nanomita 365 au 405, au zote mbili. TPO-L humeza nuru kwa unyonge kuliko TPO. Basi taa ikiwa dhaifu au ya rangi isiyolingana, juu patakuwa pagumu na ndani pamebaki majimaji. Monoma zilizobaki humo ndizo ziletazo mzio, na mzio wa akrilati ukishaingia mwilini kwa kawaida hautoki maisha yote. Aliyeupata kwa kucha aweza kusumbuliwa hata siku ya kuzibwa jino. Kwa hiyo dawa salama ikimulikwa vibaya huweza kudhuru kuliko dawa kali iliyogandishwa barabara.

Basi kwa ndugu na dada zetu wafanyao kazi hii, haya ndiyo ya kushika:

Tumia taa iliyotajwa na mwenye kutengeneza jeli, kwa muda aliousema. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya.

Paka tabaka nyembamba, na kila moja imulikwe peke yake.

Jeli isiguse ngozi. Ikigusa, ifutwe kabla ya kuwasha taa, wala isiachwe igande hapo.

Vumbi la kusugua kucha lina monoma ndani yake. Fungua madirisha, funika pua na mdomo, na nawa mikono kabla ya kula.

Vidole vikianza kuwasha, kuvimba au kupasuka, acha kazi hiyo na umwone mganga wa hospitali. Kubadili chupa peke yake hakutoshi.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini mawese yaliyofunikwa hayakupauka kama yale yaliyoanikwa juani?

2. Eleza tofauti ya kianzishi kinachopasuka na kile kinachopokonya hidrojeni. Taja mfano mmoja wa kila aina.

3. Wino ulikuwa nje ya pakiti. ITX ilifikaje katika maziwa?

4. Fundi mmoja anasema, "Jeli yangu imekauka juu, kwa hiyo ni salama." Mjibu kwa sentensi tano.

5. Kianika cha ndagala kimepakwa vanishi ya kugandishwa kwa nuru. Ungependa vanishi hiyo iwe na kianzishi cha namna gani, na kwa sababu gani?